Bwawa la Gundi

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka, na hata yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo hageuki. Mji mzima ulimwita Gundi. Jina hilo alilipata utotoni, siku alipoiba mkasi wa shangazi yake, akakata picha ya harusi ya jirani, akamtoa bwana harusi na kumbandika juu ya gari la zimamoto alilolikata kwenye gazeti. Kazi ilikuwa safi. Bwana harusi alikaa juu ya lile gari kana kwamba kalinunua yeye. Shangazi mtu alimchapa, lakini si kwa ajili ya bwana harusi. Alimchapa kwa ajili ya mkasi, kwani mkasi wa nguo haukati karatasi. Ukishaonja karatasi umeharibika, kitambaa unakitafuna tu.

Shangazi huyo, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alikuwa mshonaji. Nyumba yake ilikuwa pale njia mbili zinapokutana, vyumba viwili na ukumbi wa mbele, bati limeota kutu upande mmoja, na mlango wa kijani usiofunga mpaka uunyanyue kidogo kwa goti. Ukumbini palikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na kioo kirefu ambamo wateja walijitazama wakalaumu nguo kwa makosa ya tumbo. Gundi alikulia chini ya meza ile, juu ya vipande vya vitambaa, na humo ndimo alimojifunza kanuni iliyokuja kumpa riziki na baadaye ikataka kumtoa roho. "Kinachotoka shingoni kinaenda mfukoni," shangazi alikuwa akisema. Yaani kile kipande unachokikata ili kichwa kipite, usikitupe, kishone kiwe mfuko. Ukitoa kimoja, tia kimoja, la sivyo nguo itakudai.

Alipokua akafungua chumba cha picha. Pazia la bluu, taa mbili, kiti kisicho na mgongo, na kitana cha umma kilichofungwa kwa kamba ili kisiibwe. Picha ndogo za vitambulisho zilimlisha, lakini sifa yake ilitokana na kuunganisha. Familia zilikuja zikiwa na pengo: kaka yuko safarini, bibi amefariki, baba alikataa kuvaa shati. Gundi aliziba pengo. Kuna mama mmoja alimletea picha ya mumewe atiwe katikati ya watoto, kisha kesho yake akarudi kuomba atolewe. Gundi akamtoa, na kwa kuwa kanuni ni kanuni, mahali pale akatia jiko jipya la gesi. Yule mama aliitundika sebuleni na akawa anawaonyesha wageni.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa karani wa duka la vitabu, na Gundi hakuwa na ulimi wa kumsemesha, basi akajiunganisha kando yake kwenye picha na kumpelekea. Picha ilirudi imekatwa katikati kwa mkasi na kubandikwa upya, safari hii nafasi kati yao ikiwa imeongezwa kidogo. Gundi akaipunguza, akairudisha. Walifanya hivyo mpaka nafasi ikaisha, wakaoana.

Ila mapenzi yake makubwa yalikuwa mji wenyewe. Alipanda juu ya majengo kila aliporuhusiwa, na mara nyingine kabla hajaruhusiwa, akaupiga mji vipande vipande, kisha akaviunganisha kwenye kompyuta kuwa picha moja pana. Usiziite picha hizo za uongo, maana kila kilichokuwamo kilipita mbele ya lenzi yake. Usiziite za kweli pia. Ngazi za posta zilikuwa za kweli, lakini kwake ziliendelea kupanda mpaka juu ya paa na kuishia hewani. Foleni ya benki ilikuwa ya kweli, watu wale wale na nyuso zile zile za kununa, isipokuwa aliipanga juu ya ukuta wa shule. Watu walipenda kujitafuta humo. Fundi viatu wa njia panda alijikuta amesimama kwenye baraza la ghorofa ya juu, akafurahi sana, kwani maishani mwake hakuwahi kualikwa ghorofani.

Sasa ikaja picha kubwa kuliko zote, ambayo aliiita "Mji Wetu Asubuhi". Aliipiga kutoka juu ya tangi la maji, asubuhi kadhaa mfululizo, akingoja jua lipite vizuri katikati ya njia. Nayo njia, kwa bahati mbaya, ilikwenda kuishia kwenye nyumba ya shangazi. Lile bati lenye kutu lilichukua jua na kulirudisha kwenye lenzi kama mtu anayekumulika kwa tochi. Nusu ya mji ikawa nyeupe. Gundi alilififisha bati, likagoma. Alilipaka kivuli, likaonekana limepakwa kivuli. Mwishowe akaitoa nyumba nzima. Kazi yenyewe ilimchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na chai ilikuwa haijapoa.

Palibaki uwazi, na uwazi unadai. Alikuwa na picha ya dimbwi lililotuama mbele ya gereji baada ya mvua, akalivuta mpaka likatosha. Likawa bwawa zuri, limetulia, lina mawingu ndani yake. Akaongeza bata. Bata alikuwa na picha ya mmoja tu, wa jirani, basi akamrudiarudia mpaka wakawa saba, wote wameangalia upande mmoja. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akaitazama kazi yake, akajisikia vizuri. Hilo tusimnyime, picha ilikuwa inapendeza.

Ilionyeshwa kwenye ukumbi wa halmashauri. Shangazi alikuja na gauni lake la bluu la kutokea, akavaa miwani, akaanza kuufuata mji kwa kidole. Akaipita posta, akaipita gereji, akamfikia fundi viatu. Kidole kikasimama majini.

"Gundi mwanangu, mimi nakaa wapi hapa?"

"Shangazi, hii ni sanaa."

"Najua ni sanaa. Nauliza nakaa wapi."

"Bati lilikuwa linaharibu mwanga."

Shangazi aliyatazama yale maji. "Na hawa bata ni wa nani?"

"Ni bata mmoja, shangazi. Nimemrudia."

"Kumbe. Bata mmoja kapewa nafasi saba, mimi hata moja sina." Alisema kwa mzaha, waliokuwa karibu wakacheka, na Gundi akacheka kuwashinda wote. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaenda kutafuta kiti.

Wakati huo huo akapita Mkurugenzi wa halmashauri. Alikuwa mgeni mjini, ndiyo kwanza amehamishiwa, mtu mpole mwenye suti nzito na mwendo wa kusindikizwa. Alisimama mbele ya picha muda mrefu.

"Mpiga picha," akauliza, "hii ni picha au ni mchoro?"

"Ni picha, mheshimiwa," Gundi akajibu. Na hakusema uongo, ila njia ya mwongo ni fupi na ya msema nusu kweli haizidi sana.

Kumbe Mkurugenzi alikuwa na shida yake. Stoo ya ramani ilikuwa imevuja mvua zilizopita, na ramani zote za mji zikawa uji. Alikuwa anaongoza mji ambao hajui unakwenda mpaka wapi. Akaamuru picha ya Gundi itundikwe ofisini kwake ukuta mzima, na tangu siku hiyo kila jambo la mji likaamuliwa watu wakiwa wamesimama mbele ya picha ile. Fundi wa umeme akitaka kuweka nguzo, anaonyesha kwa rula. Mtu akigombania mpaka, anaambiwa asogee aangalie. Ngazi za posta ziliwekewa kizuizi kule juu, watu wasije wakaendelea kupanda. Na kwa kuwa mji ulikuwa na bwawa ambalo hakuna aliyekuwa analitunza, Mkurugenzi akaunda Idara ya Bwawa na kumteua afisa wake.

Afisa Bwawa alikuwa kijana nadhifu, mwenye buti za mpira zinazofika magotini na heshima nyingi. Siku yake ya kwanza kazini alifika kwa shangazi, akabisha hodi, akaingia ukumbini akinyanyua miguu juu juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unashona au unachukua?"

"Nimetoka halmashauri. Mama, humu unakaa tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa."

"Na maji hayakusumbui?"

"Maji gani?"

Afisa alitazama sakafu kavu, akamtazama mama wa watu kwa huruma. "Ndiyo hatari yenyewe hiyo. Mtu akishayazoea hayaoni tena."

Alitoka nje, akachimba shimo mbele ya mlango, akasimika bango: HATARI. MAJI MAREFU. USIOGELEE. Kisha akaaga vizuri, akaondoka kwa kuzunguka nyumba kwa mbali, akifuata ukingo.

Unaweza kudhani watu walicheka. Walicheka, ndiyo, siku ya kwanza. Siku ya pili wakaanza kupunguza kupita. Mteja aliyekuwa na suruali ya kupunguzwa alisimama ng'ambo ya njia, akaipunga juu, akairudisha kwapani. Muuza magazeti akawa anamrushia shangazi gazeti lake kutoka mbali, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Fundi viatu, jirani wa miaka yote, alipokuja kuazima sindano alikunja suruali mpaka magotini.

"Na wewe?" shangazi akamuuliza.

"Dada, najua hakuna maji."

"Sasa unakunja nini?"

"Bango ni la serikali. Mtu mzima hawezi kupita tu kama vile hajui kusoma."

Watoto wakaja na taulo, wakangoja waambiwe wapi pa kurukia. Cherehani ikaanza kukaa kimya mchana kutwa. Shangazi alikuwa akikaa mlangoni mikono mapajani, naye si mtu wa mikono kukaa mapajani. Gundi alipita kila siku kumwona, akaleta matunda na porojo, akasema mambo yatapoa. Shangazi hakumlaumu hata kwa neno. Siku moja tu alisema, akitunga uzi kwenye sindano ambayo haikuwa na nguo ya kushona, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha akamuuliza kama amekula.

Mambo hayakupoa. Afisa Bwawa alirudi na buti zake, safari hii akiwa na habari. Idara ilikuwa imekagua picha vizuri na kugundua kwamba bwawa ni safi, lina bata saba wenye nidhamu, na halina nyumba. Huku kwenye eneo lenyewe kulikuwa na nyumba. Ilikuwa wazi kwamba nyumba imetumbukia. Nyumba ndani ya bwawa ni uchafu, na uchafu unaopolewa. Mtambo ungekuja mvua zikikatika.

"Watu wakiopoa kitu wanakipeleka wapi?" shangazi akauliza.

"Jalalani, mama. Lakini wewe tutakuopoa kwanza."

Gundi alipoambiwa, alikaa kwenye kile kiti chake kisicho na mgongo. Mkewe hakumwonea huruma. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akamwambia. "Na haya umeyamwaga mwenyewe. Nenda kwa Mkurugenzi."

Akaenda. Mkurugenzi alimpokea kwa furaha, akamkalisha mbele ya ukuta.

"Mheshimiwa, pale hakuna bwawa. Kuna nyumba ya shangazi yangu. Mimi ndiye niliyeitoa."

"Uliniambia hii ni picha."

"Ni picha, ila nimeiunganisha."

Mkurugenzi alishika ukosi wa shati lake. "Hili shati nalo limeunganishwa. Mkono ulikatwa mbali, ukosi mbali, mfuko mbali. Utasema si shati?"

Mtu aliyelelewa na mshonaji angejibu nini hapo?

"Sisi hatubishani," Mkurugenzi akaendelea kwa upole. "Lete picha yako nyingine, kamati italinganisha. Itakayoshinda ndiyo itakayofuatwa."

Basi Gundi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Alipiga picha moja ya nyumba ya shangazi, akaichapa, na hakugusa kitu. Waya zilikatiza juu, ndoo ilikuwa imepinduliwa kando ya ukuta, kivuli cha nguzo kilimpita shangazi usoni. Hakutoa, hakutia. Alipoibeba kwenda halmashauri aliionea haya, maana ilikuwa mbaya kweli kweli, lakini alijipa moyo kwamba ukweli hauhitaji marembo.

Kamati ilikaa. Picha ikapita mkono kwa mkono, watu wakaguna. Mmoja akasema kivuli cha nguzo hakiwezi kukaa vile. Mwingine akasema hakuna mwanamke anayesimama mlangoni kwake akiwa amekakamaa namna hiyo, huyu ametolewa kwenye kitambulisho. Afisa Bwawa ndiye aliyeimaliza kesi. Aliweka kidole juu ya picha, akasema kwa masikitiko:

"Ndugu Gundi, mimi nakuheshimu. Lakini hapa umetuona sisi watoto. Hili ni bango, linasema maji marefu. Nani mwenye akili angesimika bango la maji marefu kwenye nchi kavu?"

Kamati nzima ikatikisa kichwa. Bango alilisimika yeye mwenyewe kwa mikono yake, na wakati akiyasema hayo uso wake haukuwa na chembe ya hila. Waliiandika picha ile kuwa ya kughushi, wakamwonya Gundi kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Aliingia kwa shangazi bila kubisha hodi, akajikunyata chini ya meza ya kukatia, mahali pake pa zamani, mtu mzima na mvi zake. Miguu ilibaki nje. Shangazi aliendelea kupanga vifungo.

"Wameikataa?"

"Wamesema ya kweli ndiyo ya uongo."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa mbaya, shangazi."

"Basi wangeikubali vipi?" Alifunga kopo la vifungo. "Sikiliza. Nguo ikishakatwa vibaya na mwenyewe ameshaipenda, huwezi kumwambia arudishe. Unatia kiraka mpaka kionekane ni mtindo. Wanataka bwawa?"

"Wanalitaka. Lina idara."

"Waachie bwawa lao. Mimi nitie ndani yake."

Gundi alitoa kichwa nje ya meza.

"Nyumba uiweke katikati ya maji," shangazi akasema, "na daraja la kupitia wateja. Daraja lenye vishikio, magoti yangu si ya jana. Na mimi uniweke mlangoni. Usiniweke dirishani, dirishani wanakaa wagonjwa."

Gundi alirudi chumbani kwake akawasha kompyuta. Watu wasiojua kazi hii hudhani kinachotolewa kwenye picha kimekwenda zake. Hakiendi. Kinabaki kwenye tabaka lake huko chini, kimefunikwa na tabaka jingine, kama godoro lililofunikwa na shuka. Gundi alilifunua bwawa, akayaondoa mawingu na bata, akashuka tabaka kwa tabaka mpaka akaifikia asubuhi ile ya tangi la maji, kabla hajaigusa. Nyumba ilikuwa hapo, na bati lake linameremeta kwa ukorofi. Akaivuta karibu ili aione.

Mlangoni palikuwa na mtu. Alikuwa mdogo kama punje ya mchele, amevaa gauni la bluu, mkono mmoja umekinga jua na mwingine umeinuliwa juu. Gundi alimvuta karibu zaidi. Akakumbuka kwamba siku moja kabla alimwambia shangazi, kwa kupita tu, kesho asubuhi nitakuwa juu ya tangi. Basi alivaa gauni la kutokea, akatoka mlangoni, akawa anampungia. Akaangalia picha iliyofuata, bado yupo. Akaangalia ya asubuhi ya pili, yupo, na ya tatu pia, gauni lile lile. Kila asubuhi aliyopanda tangi akilaani lile bati, chini ya bati kulikuwa na mtu anampungia mkono, naye hakumwona. Alimfuta na ukuta na mlango na ndoo, kwa pamoja, huku anakunywa chai. Gundi alilia pale pale mbele ya kompyuta, kilio cha aibu, na mkewe aliyekuja kumwita kula akarudi taratibu.

Hakuhitaji kupiga picha mpya. Alirudisha alichokitoa. Nyumba akaiweka katikati ya maji, bati na kutu yake yote, na mwanga ukaharibika upande wa kushoto akauacha uharibike. Daraja alilitoa kwenye picha za bustani ya hospitali, lina vishikio pande zote. Na kwa kuwa vilivyoingia vilikuwa vingi, alitoa bata mmoja.

Mkurugenzi aliisogelea picha mpya, akairudia kushoto na kulia, akavua koti. "Sasa hii ndiyo picha," akasema. Kamati ikakubali kwa kauli moja. Afisa Bwawa peke yake ndiye aliyebaki amenuna, akihesabu.

"Bata walikuwa saba."

"Mmoja ameondoka," Gundi akasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Bata yule alitafutwa msimu mzima. Mtambo wa kuopolea haukuja, badala yake wakaja mafundi wa chuma, wakajenga daraja juu ya nchi kavu, kutoka ukingo wa njia mpaka mlango wa kijani, wakalipaka rangi. Wateja wakarudi, wakipita juu ya daraja kwa tahadhari na kuwaambia watoto wasichungulie. Fundi viatu alikunjua suruali. Shangazi alilipenda daraja lile kuliko alivyokubali kusema. Jioni alisimama katikati yake, ameegemea vishikio, akiangalia vumbi kule chini, na ukimuuliza anaangalia nini anakwambia samaki.

Kuanzia hapo Gundi akawa na tabia ambayo wenzake wa kazi waliiona ni uchizi. Kabla ya kutoa kitu chochote kwenye picha, hata mfuko wa takataka, alikivuta karibu kwanza mpaka akakiona vizuri, akakiuliza wewe ni nani. Kazi zikachelewa. Wateja walilalamika. Mama mmoja aliyetaka wifi yake atolewe alisubiri mpaka wakapatana, ikawa hasara kwa kila mtu.

Shangazi alikufa mzee sana, kwenye kiti chake, mguu ungali kwenye kikanyagio cha cherehani na mkono mmoja wa blauzi ya mteja haujaungwa. Walimpitisha juu ya daraja, wakamzika. Yalipokwisha mambo ya msiba Gundi akaenda halmashauri kutoa taarifa, na hakwenda kwa hamu. Alijua sheria ya Idara ya Bwawa: nyumba iliyomo majini ikikosa mtu, inaopolewa.

Mkurugenzi wa zamani alishahama. Aliyekuwapo ofisini ni Afisa Bwawa, naye ameota mvi, buti zile zile. Alimsikiliza Gundi kwa heshima, akampa pole, akachukua miwani na kusogea ukutani. Alitazama muda.

"Yupo," akasema.

"Amefariki, afisa. Tumemzika wiki iliyopita."

"Sikatai, na pole tena. Lakini yupo. Amesimama mlangoni, na mkono ameuinua. Mimi siwezi kuandika kwamba mtu amefariki huku ananipungia." Aligeuka, sauti yake ikawa ya mtu anayetaka kusaidia. "Ukitaka tuandike, mtoe. Hiyo si kazi yako? Kwako ni jambo la muda mfupi."

Gundi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi. Alikuwa pale pale, mdogo kama punje ya mchele, na gauni lake la kutokea. Ilikuwa kweli, kumtoa lingekuwa jambo la muda mfupi, alishawahi kulifanya. Ila kinachotoka shingoni kinaenda mfukoni, na Gundi alipekua kichwa chake chote, matabaka yote, picha zote alizowahi kupiga maishani, akitafuta kitu cha kutia mahali pale. Hakukipata.

"Mwache," akasema.

"Basi yupo," Afisa Bwawa akasema, akafunika kalamu yake. "Na nyumba ina mtu."

Gundi hakuondoka papo hapo. Aliinua mkono wake, taratibu, akampungia. Afisa Bwawa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumdharau mtu aliyeko kwenye picha ile, naye akainua wake.